Mungu Hahitaji Uongo Wetu: Neno Kuhusu Mfupa wa Turkana

Posti ya leo ni ndefu. Naomba usiandike "Amina" kabla hujafika mwisho, maana huenda ukifika katikati usitake tena kuiandika.

Tangu wiki jana kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, la akina mama, la vijana, hata la wazee wa kanisa. Una picha ya mifupa mikubwa jangwani na wanaume wamesimama kando yake wakionekana wadogo kama mbuzi. Maneno yake yanasema Lewiathani wa Ayubu 41 amepatikana Turkana. Kwamba wanasayansi waliuficha mfupa huo Marekani karibu miaka 50 kwa sababu unathibitisha Gharika ya Nuhu. Na kwamba ukiwatumia watu 10 utapokea muujiza wako kabla ya Jumapili. Umenifikia mara 14. Mara 9 umetoka kwa watu ninaowalisha Neno mimi mwenyewe hapa Bulla Pesa.

Ujumbe huo ni uongo. Na kuutuma ni dhambi. Najua aliyeutuma alikuwa na nia njema, alitaka Jina la Bwana litukuzwe. Bado ametuma uongo, tena ameubandika Jina la Bwana juu yake kama muhuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chini ya uongo huo kuna mfupa wa kweli, na habari zake ni nzuri kuliko hizo za kutungwa. Wengi wenu hamjawahi kuzisikia, ingawa ni habari za kaskazini yetu hii hii.

Mwaka 1964, mahali panapoitwa Loperot, kusini mwa Turkana, Mmarekani aitwaye James Mead alikuta ndani ya mwamba mabaki ya kichwa cha nyangumi. Hakukuta mifupa yote kama ile ya kwenye picha. Alikuta sehemu ya mdomo mrefu na taya, basi. Ni nyangumi wa ile jamii yenye mdomo uliochongoka kidogo kama wa pomboo. Hata leo jamii hiyo huishi kwenye bahari ya kina kirefu na huzama chini mno, na ni nadra sana kuonekana na watu. Huyu wa Loperot anakadiriwa alikuwa na urefu wa mita 7 hivi, zaidi ya matatu ya abiria 14. Mead alichapisha maelezo yake mwaka 1975.

Sasa fikiria mahali alipokutwa. Loperot iko kilomita zipatazo 740 kutoka Bahari ya Hindi, na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Ndugu zetu Waturkana wa hapa wanaoijua nchi ile ya Lokichar watakuambia habari za mawe, miiba na jua. Nyangumi wa bahari kuu alikuwa anatafuta nini huko?

Mfupa huo ulipelekwa Marekani, na huko ukapotea. Hapo ndipo watunga ujumbe walipopata neno lao "kuficha". Lakini sikilizeni ulivyopotea. Uliwekwa stoo, miaka ikapita, watu wakahama kazi, ikawa hakuna anayejua uko wapi. Mtaalamu mmoja, Louis Jacobs, aliyewahi kufanya kazi kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, alianza kuutafuta miaka ya 1980 na hakuacha. Ulipatikana mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard, baadaye ukarudishwa Kenya. Mimi pia ninalo langu la kusema kuhusu vitu vyetu kulala kwenye makabati ya watu wengine karibu nusu karne, na siku moja nitalisema. Lakini uzembe na njama ni vitu viwili. Aliyeficha kitu hatumii miaka yake kukitafuta, wala hachapishi habari zake wasome ulimwengu mzima.

Na walizichapisha. Mwaka 2015 Jacobs pamoja na Henry Wichura wa Ujerumani na wenzao walieleza walichokiona. Mwamba wenyewe ulitokana na mchanga na matope ya mto, si ya bahari. Kwa hiyo nyangumi huyu, kwa maelezo yao, alipotea njia, akaingia kwenye mdomo wa mto mkubwa wa nchi tambarare na kupanda nao mamia ya kilomita mpaka akafa. Wanaona mto huo ulifuata bonde la Anza, lile bonde la kale lililofukiwa chini ya kaskazini mwa Kenya, linalotoka upande wa Ziwa Turkana kuelekea Lamu. Wanakadiria mahali alipofia palikuwa mita kati ya 24 na 37 tu juu ya bahari. Leo ni 620. Nyangumi hapandi mlima, kwa hiyo ni nchi iliyoinuka ikiwa imembeba tumboni. Hesabu yao ya umri wa mfupa ni miaka milioni 17, na wanasema kuinuka huko kulianza kati ya miaka milioni 17 na 13 iliyopita, kukabadilisha mvua na misitu ya Afrika Mashariki yote.

Hebu tua hapo kidogo, wewe unayenunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi. Kuliwahi kuwa na mto kaskazini hii uliokuwa na maji ya kumbeba nyangumi.

Mtu mmoja ataniandikia hapa chini, "Pastor, kwa hiyo wewe unaamini mamilioni?" Najua mitego. Kanisani kwetu kuna wanaohesabu miaka 6,000 na kuna wanaosoma siku za Mwanzo 1 kwa namna nyingine, na wote nimewabatiza kwenye maji mamoja. Siwezi kuyamaliza hayo kwenye simu. Ninachokipigania leo ni kidogo, na mtu wa kila upande anaweza kukibeba: usiseme mfupa umesema jambo ambalo haujasema. Ukitaka kubishana na hesabu ya milioni 17, bishana nayo waziwazi, onyesha ilipokosea. Kubandika picha ya uongo ni kukimbia hoja.

Na Gharika? Mimi naamini Gharika kwa sababu Neno la Mungu limeniambia, na Bwana Yesu mwenyewe alizitaja siku za Nuhu. Sikungoja Loperot. Kama imani yako ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja mpaka mwaka huu ulipofowadiwa taya ya nyangumi, basi una tatizo kubwa kuliko sayansi. Mwamba ule ni wa mto. Anayesimama madhabahuni kuuita wa Gharika, akijua au bila kuuliza, anamtolea Mungu ushahidi wa kununua.

Tena hawakusoma hata Biblia yenyewe vizuri. Lewiathani wa Ayubu 41 ana magamba yaliyobanana na moto unatoka kinywani mwake. Nyangumi ana magamba wapi? Kwenye Mwanzo 1:21 Biblia yetu ya Union imeandika "nyangumi", lakini neno la Kiebrania ni tanini, ambalo ni jina la jumla la viumbe wakubwa wa kutisha. Ndilo neno hilo hilo linalotumika kwenye Kutoka 7 fimbo ya Haruni ilipogeuka nyoka mbele ya Farao. Naye Yona alimezwa na samaki mkubwa. Nyangumi tunamwimba kwenye nyimbo za Sunday School. Haya yanafundishwa mwaka wa kwanza chuo cha Biblia. Si siri ya maprofesa.

Kuna wengine wana silaha nyingine, ya samaki. Wanasema, "Hao wataalamu walidai silakanti alikufa pamoja na dinosaria, na kumbe yuko hai, mwaka 2001 alinaswa baharini Malindi. Kwa hiyo wanadanganya yote." Sehemu ya kwanza ni kweli. Silakanti alijulikana kwa visukuku peke yake, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na ilidhaniwa jamii yake ilitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba yuko hai? Ni wataalamu hao hao! Desemba 1938 dada mmoja wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi, akakataa atupwe. J.L.B. Smith akamtambua, akamtangaza duniani, akampa jina la dada huyo. Kisha akachapisha karatasi zenye picha na kuahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata wa pili. Miaka 14 ikapita mpaka Desemba 1952, akapatikana Komoro, ambako wavuvi walikuwa wanamjua siku zote na wanamwita gombesa.

Hao ndio tunaowaita waongo. Walipogundua waliloamini halikuwa sahihi, walilipa pesa watu wote wajue. Niambieni, ni lini mara ya mwisho mhubiri wa mtandaoni alitangaza zawadi kwa atakayemletea ushahidi kwamba unabii wake wa Januari haukutimia?

Nawapa kiumbe mmoja zaidi, maana huyu amenikalia moyoni. Mwaka 1958 mfanyakazi mmoja wa Marekani aliyependa kukusanya mawe, Francis Tully, alipasua jiwe la Mazon Creek, jimbo la Illinois, akakuta ndani yake alama ya mnyama asiyefanana na kitu chochote. Ni mdogo, wengi hawazidi urefu wa rula ya shule. Macho yake yako nje ya mwili, kila moja kwenye ncha ya ufito uliopita mgongoni. Mbele ana mrija mrefu, na mwishoni mwa mrija kuna kitu kama koleo chenye vijino. Aliishi baharini, kwa hesabu zao zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na hajapatikana mahali pengine popote duniani. Alipelekwa kwenye makumbusho ya Field, Chicago, na mwaka 1966 Eugene Richardson akamwandika kwa jina la kisayansi linalomtaja Tully na zimwi. Ni mnyama gani? Mnyoo? Ndugu wa konokono? Samaki? Mwaka 2016 kundi moja likatangaza kwamba ni mwenye uti wa mgongo. Mwaka uliofuata wengine wakapinga. Mwaka 2023 Wajapani wakampima upya na kusema hapana, hana uti wa mgongo. Mpaka leo ubishi uko wazi. Watu wana mamia ya vielelezo, wana mashine za kila aina, na baada ya zaidi ya miaka 60 wanaandika: hatujui.

Na Turkana inaingia hapa pia. Baada ya mnyama huyo kutangazwa, Richardson alianza kupata barua kutoka Kenya zikisema yuko hai, kwamba huko Turkana kuna mnyoo anayecheza ngoma. Ulikuwa mzaha. Aliyeupanga alikuwa rafiki yake, Bryan Patterson wa Harvard, aliyekuwa akiongoza uchimbaji wa mifupa Turkana miaka hiyo hiyo. Walicheka, na mimi siwahukumu kwa kucheka. Lakini angalia mzaha ulipelekwa wapi ili uaminike. Turkana. Mbali huko, ambako lolote linawezekana na hakuna atakayekwenda kuhakikisha. Na watunga ujumbe wa juzi wamefanya vivyo hivyo: wameweka zimwi lao Turkana kwa sababu mtu wa Nairobi hatauliza. Sisi wa kaskazini tumesingiziwa mambo ya kutosha. Inakuwaje sisi ndio tuwe wa kwanza kuusambaza usingizio?

Nifike kwenye lililonifanya niandike. Binti mmoja wa kwaya yetu, kidato cha tatu, aliusimulia ujumbe huo darasani kwa ujasiri, kama ushuhuda. Wenzake wakatafuta picha kwenye simu, wakaonyeshwa kwamba ni ya kutengenezwa kwa kompyuta. Walimcheka mpaka kengele ikalia. Alikuja nyumbani kwangu na mama yake. Hakulia. Aliniuliza hivi: "Pastor, kama hii ilikuwa uongo na mliituma ninyi wakubwa, ile ya Yesu kufufuka nani aliifowadi?"

Wapendwa, nimesoma miaka chuoni, nimehubiri zaidi ya miaka 15, na sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo na mtu wa umri wake. Nilimfungulia 1 Wakorintho 15. Paulo pale anafanya kazi ambayo ujumbe wa WhatsApp haufanyi. Anataja walioona: Petro kwa jina, Yakobo kwa jina, kisha watu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, na anaongeza kwamba wengi wao bado wako hai anapoandika, yaani nenda ukawaulize. Halafu kwenye mstari wa 15 anasema jambo ambalo kila mwenye simu kanisani kwetu alitie moyoni: ikiwa Kristo hakufufuka, basi sisi mitume tutaonekana tumemshuhudia Mungu uongo. Paulo aliliogopa hilo. Hakusema, "Hata kama si kweli, si inajenga imani?" Hilo ni neno nililoambiwa wiki hii na mtumishi mwenzangu, tena kwa tabasamu.

Inajenga imani! Ayubu aliwauliza rafiki zake swali hilo hilo, sura ya 13, mstari wa 7 hadi 10: mnadhani Mungu anahitaji mseme yasiyo kweli kwa ajili yake? Akawaonya kwamba Mungu mwenyewe atawakemea kwa kumpendelea hivyo. Na sura ya mwisho ndivyo ilivyokuwa. Hasira ya Mungu iliwawakia watetezi wake, wenye majibu yote. Aliyesema "sijui" akiwa amekaa kwenye majivu ndiye aliyeitwa mtumishi.

Tena huu ni mji wa Isiolo. Tunaishi hapa Waborana, Waturkana, Wameru, Wasamburu, Wasomali, Wakristo na Waislamu, ukuta kwa ukuta. Tunajua uvumi wa mifugo unavyotoka Bulla moja saa 2 usiku na kufika nyingine saa 3 ukiwa umeongezwa maiti. Kidole kilichozoea kutuma bila kuuliza kwa sababu habari ina jina la Yesu ni kidole kile kile kitakachotuma ile nyingine. Usiniambie una vidole viwili tofauti.

Kwa hiyo hivi ndivyo tutakavyofanya. Kila aliyetuma ujumbe ule arudi kwenye kila kundi alikoutuma, aandike kwa mkono wake kwamba haukuwa kweli. Kuufuta kimyakimya hakutoshi, maana walioupokea hawajui kwamba umefutwa mioyoni mwao. Mzee wa kanisa mmoja amekwisha kufanya hivyo jana usiku na Mungu ambariki. Wengine tunawangoja, na majina ninayo. Anayepokea jambo la aina hiyo tena na hana uhakika, anitumie mimi kwanza. Nisipojua nitasema sijui, na tutatafuta wote.

Jumatano saa 11 jioni, ibada ya katikati ya wiki, tunasoma Ayubu 38 hadi 41 kwa sauti, bila kuruka mstari. Mungu anamuuliza Ayubu habari za vilindi vya bahari ambavyo hajawahi kuvitembelea na za wanyama asiowafuga wala kuwaelewa. Nimeiomba timu ya vijana itafute picha halisi ya mfupa wa Loperot na ya yule mnyama wa Tully, tuzitazame tukisoma. Binti yetu wa kwaya amekubali kusoma sura ya 41. Njooni na Biblia za karatasi, na anayetoka upande wa Kulamawe apitie kwa mama yake awasaidie kubeba viti.